Mtoto Aliye Chini ya Wimbo

4 Februari

Mjomba Besi,

Shikamoo. Najua simu inakukoroga masikio, na mara ya mwisho tulipozungumza ulinijibu maswali ambayo sikuyauliza. Kwa hiyo nimenunua karatasi na bahasha kama watu wa zamani. Wenzangu dukani wananicheka. Wanasema fundi wa miwani ameanza kuandika barua, wiki ijayo atafuga njiwa.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni moja ya muziki imeniomba ruhusa ya kuitoa upya *Nyumba Isiyo na Kona*, albamu ya kwanza ya mama, na kama unavyojua, ya mwisho pia. Hawataki kuinakili kutoka kwenye santuri. Wanataka utepe wenyewe, ule uliorekodi wewe huku umeshika besi kwa mkono mwingine. Kumbe Mama Mdogo amekaa nao miaka yote hii, ndani ya bati la biskuti, chini ya mashuka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Uliuliza?"

Nimeupeleka kwa fundi wa sauti anayeitwa Pamba. Wamempa jina hilo kwa sababu akitoka nje huziba masikio kwa pamba. Anasema barabara inamharibia kazi. Aliupiga mara moja kwa majaribio, tukakaa kusikiliza. Nyimbo zote zilikwenda vizuri. Tulipofika wimbo wa mwisho, ule wa kulaza mtoto, ambao mama anabaki peke yake na besi yako, Pamba aliinua kidole nisipumue, na kabla mama hajaanza kuimba akazima mashine.

Mjomba, kuna mtoto analia.

Kwenye santuri hayupo. Ninazo tatu, nimezisikiliza zote. Yupo kwenye utepe tu, kwa mbali, chini ya besi yako, kama mtoto wa nyumba ya pili. Mimi nilizaliwa miezi minne baada ya wimbo ule kurekodiwa. Hata kwenye picha ya jalada mama ana tumbo. Basi ni mtoto wa nani?

Labda unaniona nahangaika na jambo dogo. Lakini watu wasionijua, wakisikia mimi ni binti wa Chiriku, hunishika mkono na kusema, "Kumbe wewe ndiye mtoto wa ule wimbo!" Nacheka, nasema ndiyo. Sijawahi kumwambia yeyote kwamba mama hakuniimbia wimbo ule hata siku moja. Hakuniimbia wimbo wowote. Akinilaza alinihadithia, akanifunika, akazima taa. Nilikuwa darasa la tatu alipofariki, na sauti yake ya kuimba naijua kwenye santuri tu, kama watu wengine wote walioinunua. Ningependa angalau kujua kwamba wimbo ni wangu.

Nijibu kabla Pamba hajaanza kazi.

Mpwa wako

*

11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama, na mke wangu ameiweka juu ya redio, mahali anapoweka vitu ambavyo hataki nivikose. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Umerithi kwa mama yako ile tabia ya kuisahau nukta.

Kabla sijajibu swali lako, niruhusu nieleze kidogo ile albamu ilivyotengenezwa, maana mtu asiyejua chungu kilivyofinyangwa huona kila alama ni ufa.

Wakati ule bendi zote za mjini zilipiga jazi ya kuchezea. Saksafoni mbele, watu wanazunguka sakafuni, jasho, nyumbani. Mama yako akatuletea wimbo wa kusaga nafaka aliofundishwa na bibi yako. Wimbo wa kusaga hufuata mwendo wa jiwe. Jiwe huenda mbele na kurudi, na kurudi kwake si sawa na kwenda kwake, kwa sababu mkono unaovuta umechoka kuliko mkono unaosukuma. Mpiga ngoma wetu alihangaika nao wiki nzima. Mwishowe akaweka vijiti chini na kusema, "Chiriku, wimbo huu una mguu mmoja mfupi." Mama yako akamwambia, "Basi chechemea nao."

Juu ya hapo akataka kinanda cha umeme kipitishwe kwenye spika inayozunguka, mpaka sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Akataka gitaa likwaruze. Akataka saksafoni ya baba yako igeuzwe, yaani tupige utepe kinyumenyume, kila sauti ianze na mwisho wake na imezwe na mwanzo wake. Watu wakasema tumevuta kitu. Gazeti moja likaandika kwamba huu ni muziki wa watu waliolala huku wamesimama. Hatukuvuta kitu, mpwa wangu. Tulikunywa chai, tena ya jana. Leo wataalamu wanaandika kwamba tulifungua njia mpya ya muziki. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunapapasa ukuta kutafuta mlango.

Sasa swali lako. Utepe unapokaa miaka mingi umevingirishwa, kila mzunguko hulala juu ya mwenzake. Sauti yenye nguvu huweza kupenya kwenda mzunguko wa jirani, kama wino mbichi unavyochafua ukurasa unaofuata daftari likifungwa. Ukija kuupiga, unasikia kivuli cha sauti kabla au baada ya sauti yenyewe. Mafundi tunauita mwangwi wa utepe. Saksafoni ya juu ikipenya namna hiyo hulia kabisa kama mtoto mchanga. Ndicho ulichosikia.

Dawa yake ni rahisi. Mashine ina kichwa, yaani kipande kidogo cha chuma ambacho utepe hukisugua ukipita na chenyewe husoma sauti iliyomo. Mwambie Pamba asitumie kichwa kipana. Atumie kile chembamba. Kivuli kitaondoka, na albamu itabaki safi kama tulivyoiacha.

Mama Mdogo usimsumbue kwa mambo haya. Presha yake unaijua.

Wako,
Besi

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa somo. Nilimsomea Pamba barua yako yote. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema, "Mzee huyu anaijua kazi. Mtu anayejua hivi hakosei hivi."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniuliza naye, "Kwenye wimbo wa mwisho saksafoni iko wapi?"

Haipo. Ni mama na besi yako tu, mwanzo hadi mwisho. Nimeusikiliza wimbo ule tangu nikiwa mtoto na sikulifikiria hilo mpaka alipouliza. Mwangwi hauwezi kurudia kitu ambacho hakikupigwa.

Yeye ananieleza hivi, na wewe unisahihishe. Utepe huu ulitumika mara mbili. Mara ya kwanza ulirekodiwa kwa mashine ya kichwa kipana, sauti ikaenea upana wote kama shamba lililomwagwa mbegu bila mistari. Baadaye ukafutwa na kurekodiwa upya kwa mashine ndogo, ambayo hulima matuta mawili tu, kushoto na kulia. Katikati ya matuta pakabaki mfereji mwembamba ambao jembe la kufutia halikuugusa. Humo mmebaki mabaki ya ile rekodi ya kwanza. Mashine mliyokuwa nayo haikuweza kuyasikia. Ya Pamba inaweza.

Siku ya majaribio alinasa vipande vichache tu, akajaribu kuyatenga humo kwa kompyuta. Mjomba, kuna viti vinasogezwa. Kuna mtu anajaribu kinanda. Kuna mtoto analia, kisha watu wanacheka, na mama anasema (haimbi, anasema): "Haya Meneja, tumekosea wapi?" Halafu wanacheka tena, na wewe umo, nimekitambua kicheko chako kile cha kukohoa. Sijawahi kumsikia mama akicheka hivyo. Nyumbani alicheka kama mtu anayeomba radhi.

Kuna jambo jingine. Utepe unapukutika. Baada ya majaribio kichwa cha mashine kilikuwa na unga wa rangi ya kutu, na Pamba anasema unga ule ndio sauti yenyewe. Anaamini utastahimili kupigwa mara moja zaidi, basi. Kwa hiyo lazima tuchague kichwa kabla ya kuwasha. Kikiwa chembamba, albamu itatoka safi na yaliyo katikati yatapotea na unga. Kikiwa kipana, yatatoka yote pamoja, na mtoto atasikika kwa kila atakayeinunua. Kampuni inataka chembamba. Ruhusa ni yangu.

Meneja ni nani?

Mpwa wako

*

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Ulipokuwa mdogo ulipewa mdoli anayefumba macho, na kabla ya jioni ulikuwa umempasua kichwa kutazama macho yanakwenda wapi. Mama yako alikununulia mwingine. Huyu wa sasa hana wa kumbadili.

Ule ulikuwa utepe wa mazoezi. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wengine na watoto wao. Atakuwa mtoto wa jirani. Watoto tuliwapa majina ya mzaha, nao wakakua na kuyasahau.

Chagua kichwa chembamba. Albamu ile si yangu wala yako, ni ya watu walioipenda, na wanastahili kuipata bila kelele za viti. Mengine ni vumbi la kazi. Huku mvua imekuwa nyingi, na ukuta wa nyuma unavuja.

Besi

*

5 Machi

Mjomba Besi,

Sikuandika shikamoo kwa sababu nina hasira, na shikamoo ya hasira si shikamoo. Utaipata chini.

Nilikwenda kwa Mama Mdogo. Ndiyo, najua, presha. Nilimkuta anakunja nguo, nikamwekea ile sehemu ya mtoto. Akaacha kukunja.

Nikamuuliza, "Ni mtoto wa jirani?"

"Nani kakwambia?"

"Mjomba Besi."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Besi! Yule ukimwambia umelowa atakueleza mawingu yanavyojikusanya, na taulo hakupi." Kisha akaketi kitandani juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. "Muulize vizuri. Yeye ndiye aliyefuta."

"Alifuta nini?"

"Nimesema muulize yeye. Mimi nilitunza bati."

Akaniomba nizime. Nilipozima akaniomba niwashe tena. Tulisikiliza vipande vile mpaka chai ikapoa, na nilipoaga alinishika uso kwa mikono miwili kama mtu anayepima tikiti.

Sasa fikiria mimi nimerudi nyumbani na nini. Nimewaza kwamba mtoto yule ni mimi na tarehe zote nilizoambiwa ni uongo. Nimewaza kwamba mimi si wa mama, nilichukuliwa mahali ili kujaza pengo, ndiyo maana hakuweza kuniimbia. Nimewaza kwamba kuna mtu alidhurika na nyote mnamficha. Juzi nilimweka mteja kwenye kiti asome herufi ukutani, na mimi niliyesimama kando yake ndiye nilishindwa kuziona.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio hiki kimeshaumbua, Mjomba. Kilichobaki ni wewe kusema. Pamba amepanga kuupiga utepe tarehe kumi na sita. Nitachagua kichwa siku hiyo, kwa kujua au kwa kutojua. Utakachoninyima nitakijaza mwenyewe, na nitakijaza vibaya.

Shikamoo.

Mpwa wako

*

10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu.

Mama Mdogo amesema kweli. Nilifuta mimi. Niliombwa.

Ulikuwa na kaka. Baba mmoja, mama mmoja. Na wewe ni wa mama yako, nimekuona ukiwa na siku tatu, bado umekunjamana. Hilo liondoe kichwani leo hii.

Tulikuwa tukifanya mazoezi kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya kutengeneza redio. Mama yako hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, akawa anakuja naye kwenye kapu la nguo na kumweka juu ya spika ya kinanda, kwa sababu mtetemo wake ulimpendeza. Alikuwa na paji la uso lenye mikunjo, tangu kuzaliwa, kama mtu aliyeletewa hesabu zisizolingana. Mpiga ngoma ndiye aliyemwita Meneja. Tukikosea, alilia. Pengine alilia tu kama watoto wanavyolia na sisi ndio tuliokuwa tunakosea kila wakati, lakini tulikubaliana kwamba anajua, na mama yako alikuwa akisimamisha bendi nzima na kumuuliza kosa liko wapi. Hayo ndiyo uliyoyasikia. Yule mama anayecheka unayesema hukumjua, sisi tulimjua. Hatukumwona tena baadaye.

Homa ilimchukua kabla hajajua kukaa. Homa yenyewe sitaieleza.

Bendi ikanyamaza. Baba yako akawa anakuja karakana, anaitoa saksafoni kwenye sanduku, anaifuta, anairudisha. Mwaka ulikuwa umeshageuka mama yako alipoingia, amevaa gauni la kazini, akaniuliza, "Ule utepe wa mazoezi bado upo?"

"Upo."

"Ufute. Turekodi albamu humo."

Nikamwambia utepe mpya hauna bei ya kututisha, nitanunua kesho. Akasema, "Besi. Nimesema humo."

Nilikuwa nimeshafungua mashine alipouliza tena, "Ukifuta kitu, kinakwenda wapi?"

Unanijua. Nikaeleza. Nikamwambia utepe umepakwa chembe ndogo sana za chuma, na sauti ikiingia huzipanga, kila moja ikatazama upande wake. Kufuta hakuziondoi chembe, huzivuruga tu mpangilio.

"Kwa hiyo bado zipo."

"Zote. Hakuna hata moja inayotoka. Ila hazijui tena zilikuwa zinasema nini."

Alifikiri kidogo, akasema, "Basi vizuri," akaenda kuwaita wenzake.

Kwa miaka mingi nimesoma wanavyoandika kuhusu albamu ile: ujasiri, ubunifu, ndoto. Mimi niliyekaa kwenye mashine nakwambia, mama yako hakuwa anatafuta mtindo. Siku tulipogeuza saksafoni aliniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. "Zaidi, Besi." Nikarudisha. "Zaidi." Nikamwambia utepe umefika mwanzo, hakuna tena. Akasema, "Najua," na akaendelea kusikiliza gurudumu tupu likizunguka. Wimbo wa pili, ule wanaousifu kwamba unazunguka bila kupata pa kutokea, ulitoka kwenye dakika hizo.

Wimbo wa mwisho baba yako alikataa kuupiga. Alisema hawezi kumbembeleza mtu ambaye hataamka. Akafunga sanduku lake, akaondoka, na ulipotimiza miezi miwili alikuwa ng'ambo. Watu walimsema sana. Mimi sikumsema, nilikuwa nimeuona uso wake. Ndiyo maana saksafoni haipo, na Pamba wako ana masikio mazuri kuliko nilivyomtakia.

Utaniuliza wimbo ulikuwa wa nani. Nitakwambia nilichokiona. Mama yako aliimba amesimama karibu yangu kuliko ilivyoruhusiwa, nikaogopa kipaza sauti kitaokota mlio wa mashine. Mkono mmoja aliuweka tumboni, ulipokuwa wewe. Wa pili aliuweka juu ya mashine, pale inapopata joto ikifanya kazi. Hakuuondoa wowote mpaka mwisho. Ningependa kukueleza maana yake, lakini mwanangu, siijui.

Tulipomaliza aliniambia, "Huyu anayekuja asiambiwe. Sitaki azaliwe kwenye nafasi ya mtu." Nikaahidi. Na ulipokuwa unaanza kutembea nilimuuliza mbona hakuimbii, naye ndiye Chiriku, mji mzima unamwimbia mtoto wake kwa wimbo wake. Akanijibu, "Nikiimba, Besi, wanakuwa wawili chumbani."

Hiyo ndiyo sababu. Haikuwa upungufu wowote wako.

Nilikuandikia ule uongo wa mwangwi kwa sababu ya ahadi, nikatumia ufundi wangu kama pazia. Sasa ahadi imevunjika na mama yako hayupo wa kunikaripia. Mimi bado natamani uchague chembamba, kwa ajili yake. Lakini sitakuandikia tena kabla ya tarehe kumi na sita, maana nikiandika nitaeleza, na nikieleza nitakusukuma.

Besi

*

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo, ya kweli.

Nimeisoma barua yako nikiwa dukani, nyuma, kwenye chumba cha kupimia, taa imezimwa isipokuwa ile ya ukutani. Kisha nikafunga duka nikampelekea Mama Mdogo, naye akanionyesha kitu kidogo ambacho sitakiandika. Tulilia sana na kula vizuri.

Tarehe kumi na sita bwana wa kampuni alikuja pia, amevaa suti kama anakwenda kuoa. Pamba akasafisha mashine, akaniuliza, "Kichwa kipi?"

Nikasema, "Kipana."

Bwana wa kampuni akasema wasikilizaji watadhani ni kasoro. Nikamwambia wadhani. Akasema ni wimbo unaopendwa sana, utaharibika. Nikamwambia mwenye wimbo ni mimi, na mwenzangu hajalalamika. Akamtazama Pamba, Pamba akaitazama mashine.

Nieleze kwa nini, maana nawe huwa unanieleza. Mama hakutaka nizaliwe kwenye nafasi ya mtu. Lakini nilizaliwa humo, nikakulia humo, na maisha yangu yote nimekuwa nikisikia kuna mtu mlangoni ambaye hatajwi. Nikichagua chembamba, wimbo unakuwa wangu peke yangu. Mimi sijawahi kuwa na haja nao peke yangu. Mama alikuwa akiogopa tuwe wawili chumbani. Mimi ningependa sana tungekuwa wawili.

Sasa nikwambie kilichotokea, ambacho huwezi kukijua wewe wala hakukijua mama.

Pamba akawasha. Nyimbo zikapita. Mara chache chini yake ulisikika mlio wa kiti, au mtu anakohoa. Wimbo wa mwisho ukafika, na kabla mama hajaanza, katika ile nafasi ambayo besi yako inatembea peke yake, Meneja akaanza kulia. Alilia vizuri, Mjomba, kwa nguvu, mtoto mwenye afya. Analia, besi inakwenda, analia. Halafu mama akaanza kuimba.

Akanyamaza.

Pamba anasema ni bahati tu. Anasema zile ni rekodi mbili, katikati yake kuna zaidi ya mwaka, na siku ile ya kwanza mtoto alinyamaza kwa sababu zake, labda alipewa ziwa. Najua. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakulia tena mpaka wimbo ukaisha. Alipumua tu. Mahali fulani unamsikia anapumua.

Utepe umekwisha. Pamba aliuinua kwenye dirisha na nikaona mwanga upande wa pili. Unga wake uliobaki kwenye mashine aliufuta kwa kitambaa, na kitambaa akanipa mimi.

Kampuni sasa inataka maelezo ya kuandika nyuma ya jalada. Wanasema wewe ndiye uliyebaki, na wangependa ueleze mtoto ni nani na amefikaje pale. Nimekataa kwa niaba yako. Nisamehe, najua ungeandika vizuri, tena kwa mifano. Lakini usieleze, Mjomba. Safari hii waache wasikie.

Mpwa wako

*

22 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Santuri imefika, haikuvunjika.

Niliipiga mchana, madirisha yakiwa wazi. Mke wangu alikuwa uani anaanika nguo. Yeye nilimwoa baada ya bendi kuvunjika, na mambo ya nyuma hakuwahi kuniuliza, kwa sababu aliona nayaeleza sana yale yasiyo na maana.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, alikuja mlangoni na kibanio cha nguo mdomoni. Alisikiliza. Akakitoa.

"Huyo mtoto wa nani anayelia?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo yote tayari: utepe, vichwa viwili, matuta, mfereji.

"Wa Chiriku," nikamwambia. "Wa kwanza."

Akaja akaketi.

Besi